Kabla hujanunua saundi kadi, soma hii

Unarekodi matangazo ya biashara yako nyumbani? Usitoe hela kwa pupa.

1. Unaongea peke yako? Saundi kadi ya maiki moja inatosha. Ya maiki nane ni mtaji uliolala. Maiki ya USB haihitaji saundi kadi kabisa.

2. Maiki nyingi za kondensa zinataka kitufe cha 48V. Bila huo umeme hazitoi sauti, utadhani umeuziwa mbovu.

3. Usipakue plagini za wizi. Zinaweza kuja na virusi vya kuiba pasiwadi za kurasa unazouzia. Audacity ni ya bure, na inapunguza kelele.

4. Mwangwi hautoki kirahisi kwa plagini. Tundika mapazia mazito, sogelea maiki.

Wewe unarekodia nini? Tuambie hapo chini 👇