Siri au Amana? Istilahi ya Malalamiko dhidi ya Shirika la Posta la Uingereza

Shirika la posta linapolalamikiwa kutumia vibaya taarifa za kibiashara za washindani wake, kosa hilo huelezwa kwa wepesi kuwa ni wizi wa siri za biashara. Maelezo hayo yanapotosha, kama unavyodhihirisha mfano wa Uingereza.

Mwaka 2004 kampuni ya UK Mail iliingia mkataba na Royal Mail. Tangu hapo washindani wameweza kukusanya barua za benki na taasisi nyingine kubwa, kuzichambua, kisha kuzikabidhi kwa Royal Mail ili tarishi wake wazifikishe nyumbani. Mshindani hulazimika kueleza mapema idadi ya barua na maeneo zinakokwenda. Mteja mwenyewe mara nyingi hutambulika kwa nembo iliyo kwenye bahasha. Hapo hakuna kilichoibwa. Hatari huanza pale kitengo kinachopokea barua hizo kinapokinong'oneza kitengo cha mauzo cha shirika lilelile, ambacho kinamwania mteja yuleyule. Muuzaji aliyearifiwa kwamba benki fulani imeanza kuhamisha barua zake hana haja ya kupeleleza soko.

Ndiyo maana leseni ya Royal Mail ilikuwa na sharti la kuzuia taarifa za aina hiyo zisilipatie shirika manufaa yasiyo ya haki. Mwaka 2006, mwaka ambao soko la barua lilifunguliwa kikamilifu, mdhibiti, Postcomm, aliitoza Royal Mail faini kwa kukiuka sharti hilo. (Faini ya pauni milioni 50 iliyotozwa na Ofcom mwaka 2018 ilihusu bei, nayo isichanganywe na shauri hili.)

Neno "siri" halitoshi hapa, kwa kuwa mlalamikiwa aweza kujibu kwamba aliambiwa na mwenyewe. Kiswahili kina neno linalokaribia zaidi: amana, yaani kitu kilichowekwa mikononi mwa mtu asiyeruhusiwa kukitumia kwa faida yake. Kosa lake huitwa hiana. Ni kweli kwamba benki zimelibana neno hilo katika maana ya fedha, na kwamba mshindani hukabidhi kwa kulazimika, si kwa kuaminiana. Hata hivyo, "taarifa za amana" inabainisha wajibu wa mpokeaji, jambo ambalo "siri" inaliacha nje. Wanaofasiri Sheria ya Ushindani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006, pamoja na wanaotunga masharti ya leseni za posta katika nchi wanachama, wanaweza kuanza kuijaribu istilahi hiyo.