MILIMA YA NGONG: MATEMBEZI YA SIKU MOJA KWA WATOTO WA MTAA

Wahenga walinena, tembea uone. Lakini sisi wa Kibera na Kawangware tukisikia habari ya matembezi tunafikiria Mombasa, basi kubwa na pesa nyingi. Safari ya shule ikitangazwa, wengi wetu tunapeleka barua nyumbani, mzazi anaisoma, anakaa kimya, na mambo yanaishia hapo. Siku ya safari tunabaki tukipiga deki darasa.

Hili si jambo la raha tu. Katika insha tunaambiwa tueleze mahali penye mandhari ya kupendeza. Basi tunaandika juu ya minazi na mawimbi ambayo hatujapata kuyaona hata siku moja, maneno tuliyokariri. Mwalimu akisahihisha anajua. Ilhali asubuhi isiyo na ukungu ukipanda mahali palipoinuka hapa mtaani, utaona Milima ya Ngong imetulia kule kusini-magharibi kama ngumi iliyofungwa. Tunaiona kila siku, na wengi wetu hatujaifikia. Nia ya makala haya ni kueleza milima hiyo ni nini, kuna nini cha kuona, na jinsi ya kwenda na kurudi siku moja.

MILIMA YENYEWE

Milima ya Ngong iko katika Kaunti ya Kajiado, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Ni mabaki ya volkano ya kale sana. Kilele chake kirefu zaidi, Lamwia, kina mita 2,460 juu ya usawa wa bahari. Jina Ngong inasemekana limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya chemchemi ya kifaru. Aidha kuna hadithi kwamba zamani jitu moja kubwa lilijikwaa kwenye Mlima Kilimanjaro likaanguka kifudifudi, na vifundo vya mkono wake vikaacha alama ambayo ndiyo milima hii. Ukiwa mbali unaona vilele vinne kama vifundo vya vidole. Lakini waliotembea huko wanahesabu vilima saba, kwani kila ukidhani umefika mwisho, kingine hicho mbele yako!

Jambo litakalowafurahisha wanafunzi wa Jiografia ni kwamba kule juu somo zima liko wazi mbele ya macho. Pepo kutoka Bahari ya Hindi huja na unyevu. Zikikutana na milima hulazimika kupanda, hupoa, na mvua hunyesha upande huu wetu wa Nairobi. Zikivuka upande wa pili hushuka zikiwa kavu. Ndiyo maana ukisimama juu ya ukingo, mashariki unaona kijani kibichi na majumba ya jiji, na ukigeuka magharibi unaona bonde kavu lenye vichaka vya miiba, na Mlima Suswa kwa mbali. Kivuli cha mvua tunachochora daftarini, pale unakiona kwa kugeuza shingo tu.

Mbali na hayo, kuna mitambo mirefu myeupe inayozungushwa na upepo ili kufua umeme. Miwili ya kwanza iliwekwa mwaka wa 1993 kwa msaada wa serikali ya Ubelgiji. Baadaye kampuni ya KenGen iliongeza mingine mingi, na kituo hicho kikafikia uwezo wa megawati 25.5. Ukikaribia unasikia mapanga yake yakivuma juu ya kichwa chako.

JINSI YA KUFIKA

Anayetoka Kibera atembee hadi Ngong Road, na anayetoka Kawangware ateremke hadi Dagoretti Corner. Hapo mnangoja matatu nambari 111, ambayo hupitia Karen na Bulbul hadi mjini Ngong. Manamba akitaka kuwaongezea nauli kwa sababu mmevaa sare, msibishane sana, ngojeni matatu ingine. Kutoka mjini mnapanda kwa miguu mpaka kwenye lango la msitu. Yule mwenye haraka huchukua bodaboda, lakini mguu ni bure.

Msitu huu unasimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu la Kenya, KFS, na kuna kiingilio. Viwango hubadilika, kwa hivyo ni vyema mwalimu aulize mapema na kupeleka barua ya shule. Kikundi kiombe pia askari wa msitu wa kukisindikiza, maana vilima vya mwisho viko upweke na watu wamewahi kuporwa huko. Wenye nguvu hufuata ukingo wote, takriban kilomita 10, na kutokea Kona Baridi kwenye barabara ya Magadi. Hapo hupanda matatu kupitia Kiserian. Kwa safari ya kwanza, vilima viwili au vitatu vinatosha, halafu mrudi njia ile ile.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwanza, beba sweta hata kama mtaani jua ni kali. Upepo wa kule hauna huruma. Pili, vaa viatu vya kufunga, usiende na champali. Tatu, chakula kitoke nyumbani: chapati, viazi vitamu, mahindi ya kuchemsha. Nne, maji tia katika chupa ya kudumu, kwa kuwa tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja na kutupa, pamoja na chupa za maji, zimepigwa marufuku katika mbuga na misitu ya serikali. Tano, ukikutana na mchungaji na ng'ombe wake, msalimie kwanza, na usimpige picha kabla ya kumwomba ruhusa. Pale wewe ndiye mgeni.

TUSIPOTUNZA, TUTAPOTEZA

Pengine mtu atauliza, kwani huku kwetu hakuna mahali pa kupumzikia? Palikuwepo. Bwawa la Nairobi, pale chini ya Kibera, lilijengwa mwaka wa 1953 ili kuwa akiba ya maji ya kunywa. Kwa miaka mingi watu walikuja kuendesha mashua za tanga na kuvua samaki. Maji yake yanatoka Mto Motoine, unaopita katika msitu wa Ngong Road kabla ya kuingia Kibera. Lakini maji taka, takataka na mchanga viliingia, na gugu maji likafunika bwawa. Leo mtoto wa Kibera akiambiwa pale palikuwa na mashua anacheka akidhani ni utani.

Msitu wa Karura nao ulinyemelewa na wanyakuzi wa ardhi. Marehemu Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa huko Januari mwaka wa 1999 walipokwenda kupanda miti. Hawakukubali, na leo watu huenda Karura kutembea na kuendesha baiskeli. Funzo ni kwamba mahali pazuri hulindwa na watu wanaopajua na kupapenda. Nasi tutapendaje tusipopajua?

MAPENDEKEZO

Simaanishi safari ya Mombasa ifutwe, la hasha. Naomba chama chetu cha Kiswahili, pamoja na kile cha Jiografia, kiandae safari moja ya Ngong kila mwaka ambayo hakuna mwanafunzi atakayeachwa kwa ajili ya pesa. Gharama ni nauli ya matatu na kiingilio tu. Tukianza kuweka akiba ya shilingi chache kila wiki kutoka muhula wa kwanza, hata yule ambaye nyumbani ni ngumu ataweza. Tukirudi, kila mmoja aandike insha, na zilizo bora zichapishwe katika gazeti hili mwaka ujao.

Hapo ndipo mwalimu atakaposoma habari ya upepo wa Lamwia na kujua kwamba mwandishi alisimama pale kwa miguu yake miwili. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa hayo machache naiweka kalamu yangu chini.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu