Kelele za Vyombo Chini ya Maji

Kabla ya daraja la Mto Kilombero kuanza kutumika, wasafiri wa kati ya Ifakara na Mahenge walivuka kwa pantoni. Aliyesimama ukingoni alisikia ngurumo ya injini hewani, lakini sehemu nyingine ya kelele ilienea majini, asiisikie. Sauti husafiri hewani mita 340 hivi kwa sekunde. Majini hufikia mita 1,500 hivi. Tena, uso wa maji hurudisha karibu sauti yote inayoufikia, kutoka juu au kutoka chini.

Kwa nyambizi, yaani manowari iendayo chini ya maji, jambo hili ni la kufa na kupona. Mwanga hufifia upesi baharini, hivyo adui huitafuta kwa kusikiliza. Kelele zake zina asili tatu.

Ya kwanza ni mitambo. Mtetemo wake hupita katika chuma cha chombo hadi majini. Dawa yake ni kuikalisha mitambo juu ya mipira inayomeza mtetemo.

Ya pili ni rafadha, yaani panga linalosukuma chombo. Likizunguka kwa kasi, kanieneo ya maji nyuma ya mabapa yake hushuka mno, hata maji hugeuka mvuke bila ya kupashwa moto. Viputo vya mvuke huo vikifika penye kanieneo kubwa hupasukia ndani kwa kishindo, na huweza hata kutoboatoboa chuma. Ndiyo sababu nyambizi itakayo kujificha hwenda polepole na kuzama zaidi, kwa kuwa kina huongeza kanieneo na kuzuia viputo.

Ya tatu ni maji yenyewe, yanayovurugika yapitapo ubavuni. Umbo laini hupunguza vurugu hiyo.

Mtumbwi wa mvuvi wa Kilombero hauna injini wala rafadha. Kafi likitumbukizwa taratibu, ni kimya kabisa. Lakini kimya kinachoiokoa nyambizi huweza kumponza mvuvi. Kiboko husikia vizuri majini, na akishtukizwa na chombo hushambulia. Kugonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi hupeleka mtetemo majini na kumwarifu mapema.

Wanafunzi waweza kulithibitisha hili kwa pipa la maji, wala si mtoni penye mamba. Mmoja agonganishe mawe mawili ndani ya maji. Mwingine asikilize kwanza hewani, kisha sikio likiwa limezama. Tofauti itajieleza yenyewe.