Ukucha Uliozama Nyamani

Wazee husema kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Maneno hayo niliyakumbuka mwaka jana nilipokuwa nikipanda ngazi za ofisi yetu nikichechemea, na karani mwenzangu akaniuliza kama nimeumia katika mpira. Nilimwambia ndiyo, kwa kuwa niliona haya kumweleza kweli: mtu mzima kama mimi nilikuwa nimeshindwa na ukucha wa kidole gumba cha mguu.

Chanzo chake kilikuwa viatu. Nilinunua viatu vyeusi vyenye ncha nyembamba, na ijapokuwa vilinibana, muuzaji aliniambia kwamba ngozi italegea. Ngozi haikulegea, aliyelegea ni mimi. Kidole kilipoanza kuuma pembeni, nilitwaa wembe nikaikata pembe ya ukucha, nikapata nafuu siku tatu. Juma la pili maumivu yalirudi kwa nguvu zaidi, nyama ikavimba, usaha ukatoka. Nikakata tena. Nikameza vidonge nilivyonunua dukani. Vilipokwisha, usaha ukarudi. Miezi miwili ikapita hivyo.

Mwishowe mke wangu alichoka kufua soksi zenye damu. “Baba watoto,” akasema, “karani gani huyu anayesoma barua za watu wote, asiweze kuusoma mguu wake mwenyewe?” Kesho yake nilikwenda hospitali.

Tabibu alinieleza kosa langu kwa upole. Mtu akikata pembe ya ukucha, mara nyingi hubakiza ndani kijiti kidogo chenye ncha asichokiona. Ukucha unapokua, kijiti hicho husukumwa mbele na kuchoma nyama mithili ya mwiba. Nafuu ya siku chache humdanganya, naye hukata tena na kuzidisha ubaya. Vidonge navyo haviponyi maadamu mwiba ungali ndani.

Kisha alinidunga sindano za ganzi kwenye shina la kidole. Sitaficha, sindano hizo ziliuma. Baada yake sikusikia maumivu yo yote. Alikata ukanda mwembamba wa ukucha upande ule mbovu, kutoka nchani hadi shinani, akauvuta ukatoka. Halafu akapaka fenoli mahali ukucha unapoota, ili ukanda ule usirudi. Hiyo ndiyo asidi ya kaboliki ambayo daktari Joseph Lister alianza kuitumia kwa vidonda mjini Glasgow mwaka 1865. Kazi yote haikupita nusu saa. Nilidungwa pia sindano ya kukinga pepopunda, nikaambiwa nivae viatu vya wazi mpaka kidonda kikauke.

Kabla sijaondoka, tabibu aliniuliza swali nisilolitazamia. “Je, nyumbani kwenu kuna mwenye ugonjwa wa kisukari?” Nikamjibu kwamba baba yangu anao kwa miaka mingi. “Basi mtazame miguu,” akasema. “Wewe maumivu yamekuleta hapa. Yeye huenda asiwe na maumivu ya kumleta.”

Jumamosi ile nilikwenda nyumbani, nikamkuta Baba katika kahawa yake, amevaa gambuti. Nilimwomba azivue, akakataa, akisema hakuna kinachomwuma. Nikamsihi mpaka akakubali. Soksi ilikuwa imegandamana na usaha. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umezama nyamani kama wangu, na kidole cha pili kilikuwa kimekwisha kufa.

“Hainiumi, mwanangu,” alirudia, naye alisema kweli. Kisukari cha muda mrefu huweza kuharibu mishipa ya fahamu ya miguu hata mtu asisikie msumari, moto wala kidonda. Aghalabu hupunguza pia damu inayofika huko, na kidonda kikakosa kupona. Kule kutoumwa ndiko kulikokuwa hatari yenyewe. Hospitalini walikikata kidole cha pili ili kuuokoa mguu, na mguu ukaokoka.

Ndugu msomaji, uwe mwenye jembe au mwenye kalamu, shika mambo haya. Kata kucha za miguu zikiwa zimelainika baada ya kuoga, uzikate moja kwa moja bila kuzungusha pembe, wala usizifupishe kupita ncha ya kidole. Chagua viatu ambavyo vidole vinaweza kucheza ndani yake. Kausha miguu utokapo shambani, na usivae soksi mbichi. Ukucha ukianza kuuma, loweka mguu katika maji ya vuguvugu robo saa, mara tatu au nne kwa siku, na uache viatu vya kubana. Kama hupati nafuu kwa siku chache, au uonapo usaha, nenda ukatibiwe. Lakini mwenye kisukari, au ye yote ambaye miguu yake imekufa ganzi, asijaribu kujitibu hata siku moja; aende hospitali mara moja, na miguu yake aitazame kila siku, nyayo na katikati ya vidole.

Baba sasa hutazama miguu yake kila jioni, na mahali asipopaona, mjukuu wake humtazamia. Hakunilaumu hata kidogo. Lakini mimi najua hesabu ya siku. Lau ningalikwenda hospitali juma lile la kwanza, pengine swali lile ningaliulizwa miezi miwili mapema. Niliona haya kwa ajili ya ukucha. Mwiba nilijidunga mimi, na aliyepotewa na kidole ni mwingine.