Udhuru wa Jibu Lililochelewa: Kutoka Njia ya Misafara hadi Barua Pepe ya Kiingereza

Mada yetu ni ndogo kwa sura, lakini ina uzito katika isimujamii: namna ya kumweleza mwandikiwa, kwa Kiingereza rasmi na cha adabu, kwamba jibu lake limechelewa. Mwanafunzi aombaye nafasi ya masomo ng'ambo huweza kupimwa kwa sentensi hiyo moja, kabla hoja zake hazijasomwa.

Hapo kale, kuchelewa kulikuwa ni kwa njia. Mwaka 1871, huko Kwihara karibu na Tabora, H. M. Stanley alikuta furushi la barua za David Livingstone lenye tarehe 1 Novemba 1870. Lilikuwa limetoka Unguja kwa msafara, likakwama. Vita vya Mirambo vilikuwa vimefunga njia ya kwenda Ujiji, na furushi hilo lilimfikia mwenyewe mwishoni mwa 1871. Kwa barua ya aina hiyo, tarehe pekee ilitosha kuwa udhuru. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, udhuru wa njia ulipungua. Barua pepe karibu imeuondoa. Leo mkazi wa Chemchem, mjini Tabora, akichelewa kujibu, mwandikiwa haoni njia, bali humwona mwandishi. Lawama imehama.

Hapa ndipo lugha mbili zinapoachana. Kiswahili hutofautisha "pole", ambayo humliwaza aliyefikwa na jambo bila kukiri kosa, na "samahani" au "niwie radhi", ambazo huomba msamaha. Neno la Kiingereza "sorry" hubeba dhima zote mbili. Kwa hiyo, katika uandishi rasmi kitenzi "apologise" ni salama zaidi, kwani hakiwezi kueleweka kuwa pole.

Tofauti ya pili ni mpangilio. Barua yetu hutanguliza salamu na kujuliana hali, na hiyo ni adabu. Barua rasmi ya Kiingereza aghalabu hutanguliza jambo lenyewe. Anayehamisha salamu zetu zote huufukia udhuru katika aya ya tatu, na mwandikiwa hudhani amepuuzwa. Tutazame mfano huu: "I apologise for the delay in replying to your message of 3 March. I was on fieldwork in Sikonge without access to email. My answers are below." Sentensi ya kwanza inaomba radhi na kutaja tarehe, ya pili inatoa sababu moja, fupi na ya kweli, ya tatu inaingia katika jibu. Sababu zikiwa nyingi husikika kama visingizio. Aidha, "Thank you for your patience" haifai kushika nafasi ya radhi: humshukuru mtu kwa subira ambayo pengine hakuwa nayo.

Na iwapo jibu kamili halijawa tayari, hapana budi kuandika mistari miwili ya kukiri kupokea ujumbe na kutaja siku ya kujibu. Hata misafara ilitanguliza tarishi.