Lenzi ya bandia ikihama ndani ya jicho, madaktari huishikizaje?

Watu wengi waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho wanajua wamewekewa lenzi ya bandia. Ila ukiwauliza imeshikwa na nini humo ndani, wachache watakujibu.

Jibu ni kifuko. Lenzi ya asili hukaa ndani ya kifuko chembamba mno, kilichoning'inizwa kwa nyuzi ndogo ndogo. Daktari hutoa lenzi iliyoingia ukungu na kukiacha kifuko, kisha huingiza lenzi mpya ikiwa imekunjwa. Ikifika ndani inajikunjua, na vikono vyake viwili vinabana kwenye kingo. Haihitaji uzi wala gundi.

Shida ni kifuko kikipasuka au nyuzi zikilegea. Hutokea mtu akipigwa jichoni, akiwa na ugonjwa wa kurithi kama Marfan, au upasuaji ukiwa mgumu. Wengine lenzi huhama miaka mingi baada ya kupona.

Hapo daktari ana njia tatu:

1. Mbele ya jicho
Lenzi huwekwa kati ya kioo cha jicho na sehemu yenye rangi. Ni kazi ya haraka, lakini ikikaa vibaya inaweza kuharibu kioo au kupandisha presha ya jicho.

2. Kwenye sehemu yenye rangi
Lenzi yenye makucha hung'ata sehemu hiyo na kutulia. Ilibuniwa na daktari Mholanzi, Jan Worst.

3. Kwenye ukuta mweupe
Zamani vikono vilishonwa kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Kumbe uzi huo unaweza kukatika baada ya miaka, na lenzi ikaanguka tena. Mwaka 2007 daktari Amar Agarwal wa India alianza kuficha vikono ndani ya ukuta huo na kufunga kwa gundi maalumu. Mwaka 2017 Mjapani Shin Yamane akachapisha njia isiyo na uzi wala gundi: vikono hutolewa nje kwa sindano nyembamba, ncha zake huchomwa kidogo zikavimba kama kichwa cha pini, kisha hurudishwa na kukwama ndani ya ukuta.

Ipi bora? Hakuna iliyothibitishwa kuwashinda wenzake kwa kila mgonjwa. Inategemea hali ya jicho na uzoefu wa daktari.

Kama uliwekewa lenzi na ghafla unaona ukungu, jicho moja linaona vitu viwili viwili, au unaona ukingo wa lenzi, usisugue jicho wala usijitibu kwa matone ya dukani. Nenda kwa daktari wa macho. Ukiona mimweko ya mwanga au kitu kama pazia jeusi, nenda siku hiyo hiyo, maana huenda retina inabanduka. Lenzi inaweza kushikizwa upya, ila retina ikichelewa uono unaweza usirudi.