Kufungua Vipande Vilivyoshika Katika Mashine ya Kukereza Vyuma

Karakana za mji wa Karatu, ulioko kwenye barabara ya kutoka Arusha kwenda Hifadhi ya Ngorongoro iliyoanzishwa mwaka 1959, hupata sehemu kubwa ya kazi zake kutokana na magari ya watalii. Bushi na shafti zilizolika hukerezwa upya hapo hapo. Mashine ya kukereza ikisimama, gari nalo husimama. Vumbi jekundu la huko likichanganyika na oili hugeuka utando mgumu. Aidha, kwenye ukingo wa kreta, ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, baridi ya usiku hupoza chuma, na asubuhi unyevu wa hewa hutua juu yake na kuleta kutu. Kwa wakaazi wa visiwani kazi hiyo hufanywa na hewa ya chumvi, lakini matokeo ni yale yale: siku ya kuifungua mashine ili isafishwe, baadhi ya vipande hukataa kutoka.

Ni vyema ikaeleweka kwamba sehemu kubwa ya mashine hiyo ni chuma cha kusubu. Chuma hicho hakipindi, hupasuka. Na ufa uliochomelewa kwa vijiti vya kawaida, bila ya chuma kupashwa moto kwanza, aghalabu hufunguka tena pembeni mwa kiungo. Nyundo nzito, kwa hivyo, huja mwisho.

Umeme ukatwe kwanza kwenye swichi kuu. Kisha fundi atafute kinachozuia. Mara nyingi kipande kinachodhaniwa kuwa kimeshika kutu huwa kimefungwa na skrubu ndogo iliyofukiwa na uchafu au rangi, au na pini iliyopenya kwenye shafti. Pini nyingi za namna hiyo ni nyembamba upande mmoja: kwa kila milimita 50 za urefu, unene hupungua milimita 1. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, na anayegonga upande mpana huikaza zaidi. Ncha zote mbili zisafishwe na kupimwa, ndipo igongwe ile nyembamba.

Chaki iliyofungwa kwa thredi ndiyo huleta hasara kubwa zaidi. Wapo wanaozuia gia isizunguke, kisha wakaigonga chaki kwa nguvu. Jino la gia likivunjika, gia nzima hutafutwa, na vipuri vya mashine za zamani ni adimu. Inayopaswa kushikwa ni spindeli yenyewe, kwa upande wake wa nyuma. Gogo refu la mbao ngumu hubanwa kwenye meno ya chaki likatumika kama wenzo, na ubao hulazwa juu ya kitanda cha mashine, maana chaki inayoachia ghafla ni nzito na vidole huwa karibu.

Pale kutu inapokuwa ndiyo sababu, mafuta ya taa au dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi idondoshwe kwenye kiungo, kigongwe polepole kwa nyundo ya shaba, na kiachwe hadi kesho yake. Hurudiwa hata siku tatu. Petroli haifai, mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo. Ikishindikana, mafuta yafutwe kabisa, kisha kipande cha nje peke yake kipashwe moto. Tundu la milimita 50 likiongezewa joto la nyuzi 100 za Selsiasi hupanuka takriban milimita 0.06. Ni kidogo mno, ila mshiko wa kutu huachia.

Baada ya kufunguliwa, vipande vioshwe kwa brashi na kufutwa kwa kitambaa. Kupuliza kwa kompresa, jambo lililozoeleka karakana nyingi, husukuma chembe za vumbi ndani ya njia za kutelezea. Vipande vyembamba vya bati vinavyokutwa chini ya viungo si takataka: ndivyo vilivyorekebisha kimo cha mashine, na kila kimoja kiwekewe alama ya mahali kilipotoka.